Nimefua kava la gari, sasa linapitisha maji. Nimeliharibu?

"Fundi, pole na kazi. Naishi Kunduchi, karibu kabisa na bahari. Nina Toyota IST ya bluu iliyoiva, na siku za kazi inabaki nyumbani kwa sababu naenda mjini kwa basi. Naegesha chini ya mkungu, kwa hiyo nilinunua kava la kitambaa Kariakoo, lina rangi ya fedha kwa juu na manyoya laini kwa ndani. Baada ya miezi kadhaa likaanza kunuka uvundo, likawa na vidoadoa vyeusi ndani na vinyesi vya kunguru vilivyogandia juu. Nikaliloweka usiku kucha kwenye sabuni ya unga na jiki, nikalisugua kwa brashi, nikaanika. Lilitakata, lakini sasa mvua ikinyesha maji yanapita. Tena hata kama haikunyesha, asubuhi nakuta gari limelowa. Na kwenye boneti, ambayo ilirudiwa rangi wiki mbili kabla sijaanza kufunika, yametokea mabaka meupe kama ukungu wa asubuhi. Kava nimeliua? Linafuliwaje? Au niache tu kufunika?"

Dada yangu, kuna mambo matatu hapa: kava linavuja, gari linaamka limelowa bila mvua, na boneti imeingia mabaka. Mtu akikutana na matatu haya kwa mpigo hutafuta mchawi mmoja, ama kava bovu ama sabuni mbaya. Kwa maelezo yako kila moja lina chanzo chake, na ni la kwanza tu lililotokana na kufua. La boneti ndilo la haraka. Kama kava liko juu ya gari sasa hivi, nenda kalitoe kwanza, halafu urudi tuzungumze.

Tuanze na maji ya asubuhi, maana hayo ndiyo huwapoteza watu wengi. Hayo maji hayakupita kwenye kava, yamezaliwa humo humo ndani. Usiku bati la gari hupoa. Kukipambazuka hewa huanza kupata joto mapema, bati bado lina ubaridi wake, na hewa ya Kunduchi inakuja kutoka baharini imeshiba mvuke. Ukichanganya na unyevu unaopanda kutoka ardhini chini ya gari, mvuke unagusa bati baridi na kuwa matone. Gari lililo wazi nalo hupata umande huo, ila upepo na jua huukausha kabla hujamaliza chai. Chini ya kava upepo haufiki.

Ukiwa pwani kuna jambo la ziada ambalo mtu wa Dodoma halimsumbui, nalo ni chumvi. Upepo wa bahari unabeba chembe zake na kuziacha kwenye kila kitu, kava likiwemo. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huvuta maji kutoka hewani hadi inayeyuka yenyewe. Usiku wa Dar es Salaam hupita kiwango hicho mara nyingi sana. Kwa hiyo kava lenye chumvi hata ukilianika likakauka kau mchana, usiku linarudi kuwa na unyevunyevu. Kuvu nao wanapenda hivyo: unyevu, giza, vumbi la majani, na mabaki ya sabuni ambayo hayakusuuzwa. Uvundo wako umetoka hapo, si kwamba uliuziwa kitambaa kichafu.

Ndiyo maana wazo kwamba kava bora ni lile lisilopitisha kitu chochote linawaumiza wengi. Kava la gari linalolala nje pwani linatakiwa lizuie maji ya juu yasishuke haraka, na wakati huohuo liruhusu mvuke wa ndani utoke. Kava lililozibwa kabisa hulihifadhi gari pamoja na jasho lake.

Sasa lako ni la aina gani? Wauzaji huita yote "kava la kitambaa", lakini chini ya rangi ya fedha kuna vitu tofauti. Lishike pindo, uliinue kwenye mwanga. Ukiona nyuzi zilizofumwa kwa kupishana, ni poliesta iliyopakwa utando mwembamba wa plastiki. Ukiona uso laini kama kitambaa cha mezani cha plastiki, halafu manyoya yamegundishwa kwa nyuma, basi hilo ni plastiki yenye bitana, na halipumui. Aina ya tatu haijafumwa, inafanana na mifuko ile ya kitambaa iliyokuja baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Tanzania mwaka 2019. Hizo ni nyuzi za polipropilini zilizobanwa kwa joto. Kisha weka mdomo kwenye kitambaa, upulize kwa nguvu na kiganja chako kikiwa upande wa pili. Ukihisi japo hewa kidogo, lina uwezo wa kupumua.

Kwenye kava la poliesta, kuna ulinzi wa aina tatu dhidi ya maji, na ni vizuri kuutofautisha. Juu kabisa kuna dawa inayofanya tone lisimame na kuteleza. Chini yake kuna ule utando. Halafu kuna mishono, ambayo sindano imeitoboa matundu mengi, na kwenye makava ya bei ya chini huwa haijazibwa kwa tepu. Sabuni ikibaki kwenye kitambaa huvunja kazi ya ile dawa ya juu, kwa sababu kazi yenyewe ya sabuni ni kuyafanya maji yatawanyike na kupenya. Sabuni ya unga ndiyo mbaya zaidi hapa: ni kali, punje zake huingia kwenye manyoya, na kuisuuza ikaisha kabisa si mchezo. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba kava lako halijafa, limejaa sabuni tu.

Jiki ni kesi nyingine. Inaua kuvu kweli, sitakudanganya. Na kuna maturubai ya akriliki, yale ya maboti na ya miavuli mikubwa ya hotelini, ambayo hustahimili jiki iliyozimuliwa kwa sababu rangi yake iko ndani ya uzi. Lakini utando wa plastiki, uzi wa kushonea na lastiki ya pindo havistahimili kulala humo usiku kucha. Vuta lastiki uone: ikirudi polepole au ikatoa mlio wa kukatikakatika, jiki imeshaigusa. Sugua pia upande wa ndani wa utando kwa kidole gumba. Ukinata, au ukitoa magamba madogo meupe, utando umekwisha na hakuna dawa ya kuurudisha. Joto na unyevu huuvunja hata bila jiki, jiki inaongeza kasi tu.

Kama lastiki na utando vimefaulu, lifue upya, safari hii ukilenga kusuuza kuliko kusugua. Lisambaze kwanza likiwa kavu, ulikung'ute pande zote mbili hadi lisitoe vumbi. Hatua hii watu huiruka, wakati punje moja ya mchanga wa pwani ni ngumu kuliko rangi ya gari. Ikijificha kwenye manyoya, kila upepo ukitikisa kava inachora. Kwa hiyo usifulie uani kwenye mchanga. Tafuta sakafu ya sementi, uifagie, uimwagie maji, ndipo ulitandaze.

Maji yawe ya kawaida, yasiwe ya moto. Kwenye ndoo ya lita 20 weka vijiko viwili vitatu vya chakula vya sabuni ya maji isiyo kali: shampuu ya kuoshea magari isiyo na nta, au ile ya kufulia nguo laini. Dawa ya kulainisha na kunukiza nguo usiitie kabisa, inaacha mabaki yanayovuta maji. Tumia sponji au ufagio wenye nywele laini, nje kwanza. Kisha geuza ndani, na huko tumia sponji tu, usibonyeze sana, maana manyoya yakishikamana yakawa vidonge hayarudi kuwa laini. Acha brashi ya kufulia mahali pake.

Halafu suuza. Suuza, geuza, suuza tena, na mara zote tatu au nne angalia maji yanayotoka kwenye pembe ya chini. Yakiwa bado yanateleza vidoleni au yanatoa povu ukiyapiga, hujamaliza. Na maji yenyewe ni muhimu kuliko sabuni. Visima vingi vya ukanda wa pwani ya Dar vina maji ya chumvichumvi. Ukisuuzia hayo, umelifua kava na kulirudishia chumvi ileile tuliyoizungumza. Fua kwa maji ya kisima kama hayo ndiyo uliyonayo, lakini suuzo la mwisho liwe la maji ya bomba au ya mvua uliyokinga.

Mashine ya kufulia? Ile inayofunguliwa juu na yenye mhimili katikati, hapana, inalisokota hadi mishono inaachia. Ile kubwa inayofunguliwa mbele inaweza, kwa maji baridi na mzunguko wa polepole, ila kitambaa kisichopitisha maji hufungia maji katikati, na mashine ikizunguka kwa kasi inaweza kuyumba vibaya. Kwa kava linalozuia maji, mimi nashauri mikono.

Vile vidoadoa vyeusi vya ndani, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, ulowanishe sehemu hiyo kwa nusu saa, usugue kwa sponji, usuuze. Doa lenyewe linaweza kubaki kama kivuli hata kuvu wakiwa wamekufa, na hilo lisikutie wasiwasi. Harufu ndiyo kipimo chako. Lakini nisikilize hapa: siki na jiki zisikutane, si kwenye ndoo moja, si kwenye kitambaa ambacho bado kina jiki. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na inaumiza mapafu. Likitokea kwa bahati mbaya, ondoka hapo uende penye hewa safi, na kifua kikibana au kikohozi kisipotulia nenda hospitali. Na kama kuna mtu mwenye pumu nyumbani, asiwe yeye anayekung'uta kava lenye kuvu. Anayekung'uta avae barakoa.

Kunguru sasa. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka za mji, na sote tunajua wameamua kula nini kingine. Kinyesi chao kina asidi, na ndani yake kuna punjepunje za walichokula. Usikikwangue kikiwa kikavu. Lowanisha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha kinyanyue pamoja na uchafu, bila kusugua. Hili unaweza kulifanya kava likiwa juu ya gari. Kulifua lote likiwa juu ya gari ndiyo sikubaliani nako, kwa sababu unasukuma maji machafu ndani na kusugua mchanga kwenye rangi kwa mkono wako mwenyewe. Na sasa ambapo kava lako linavuja, kinyesi kilicholowa kinaweza kufika kwenye rangi, kwa hiyo usikiache kilale.

Majani na matunda ya mkungu hutoa rangi ya kahawia ambayo ni ngumu kuliko kinyesi. Ikikutana na chuma huwa nyeusi kabisa. Hivyo usianike kava lenye maji juu ya geti lenye kutu, na angalia zile pete za chuma kwenye vitundu vya kamba. Zikianza kutu, kila jani lililolala hapo litaacha alama. Maji ya limau hupunguza weusi huo, hayaumalizi. Utomvu wa mti uliogandia, tumia spiriti kwenye kitambaa, ukijaribu kwanza kwenye kona ya ndani ya pindo.

Kuanika kuna fundisho moja linalorudiwa mno: kwamba kava lisipigwe jua. Ukilifikiria halina mashiko. Kitu hicho kinakaa juu ya gari juani siku nzima, saa mbili za kuanikwa zitalifanya nini? Jua linaloliua ni lile la miezi na miaka. La kuogopa ni kulikunja likiwa na unyevu. Funga kamba mbili sambamba, ulipitishe juu ya zote mbili ili upepo upite katikati, kwa sababu kamba moja hubeba uzito wote wa maji na kuvuta mshono wa katikati. Anza na manyoya nje, yakikauka geuza. Gusa lastiki na mishono mwishoni, ndivyo vinavyochelewa. Msimu wa masika, kama huna uhakika wa siku nzima ya jua, usilifue. Likung'ute tu na usubiri. Pasi usiisogeze karibu, hasa kama ni ile aina isiyofumwa, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi. Kwa sababu hiyohiyo usilifunike gari lililotoka safari, ekzosi ikiwa bado ya moto.

Likikauka, nyunyizia matone ya maji juu. Yakisimama na kuteleza, ulikuwa na tatizo la sabuni na limeisha. Yakitawanyika lakini ndani kukabaki pakavu, ile dawa ya juu imechoka. Kuna dawa za kupuliza za mahema na maturubai, pulizia kitambaa kikiwa safi na kikavu, kisha rudia jaribio. Yakipita hadi ndani katikati ya kitambaa, na siyo kwenye mshono, utando umekufa. Hapo usitupe pesa kwenye dawa, maana utanunua makopo yanayokaribia bei ya kava jipya. Lifanye la kufunikia mbao au pikipiki mbovu, maisha yaendelee.

Swali lako la tatu, uache kufunika? Kwa mazingira yako, kufunika siku tano mfululizo bila kufunua ni kubaya kuliko kutofunika. Kufunika kila siku gari safi, kavu, na kulifunua asubuhi kwa saa moja mbili, kunasaidia kweli dhidi ya kunguru, majani na jua. Kama kabla ya kuondoka una dakika za kulifunua, na kuna mtu nyumbani wa kulirudisha, funika. Kama hakuna, afadhali usogeze gari kutoka chini ya mkungu uliache wazi, ulioshe kila wiki na kulipaka nta mara kwa mara, isipokuwa boneti kwa sasa. Gari lenye vumbi usilifunike hata siku moja. Na unapolivua kava, usiliburute chini: kunja pande mbili zikutane juu ya paa, kisha likunje kuanzia mbele kuelekea nyuma, nje ikigusana na nje, manyoya yasiguse kitu. Shona uzi mwekundu kwenye pindo la mbele usihangaike kulizungusha kila mara.

Boneti. Rangi mpya, hata ikishakauka mkononi, inaendelea kutoa vimumunyisho vyake, yaani thina iliyoyeyushia rangi, kwa wiki kadhaa. Watengenezaji wengi wa rangi za magari hushauri kusubiri siku 30 au zaidi kabla ya kupaka nta, na rangi iliyokaushwa hewani bila chumba cha joto, kama inavyofanyika gereji nyingi za mtaani, huhitaji subira zaidi. Wewe ulifunika baada ya siku 14, kwa kava lenye unyevu. Mvuke wa rangi ulitaka kutoka, unyevu ukataka kuingia, na klia, ile tabaka ya juu inayong'aa, ikanaswa katikati.

Fanya hivi. Osha boneti, uache gari wazi juani siku tatu nne bila kava na bila kupaka chochote. Mabaka yakipungua, ni unyevu, endelea kuacha wazi hadi yaishe. Yasipopungua, lowanisha kidole upitishe juu ya baka. Likipotea pale penye maji na kurudi pakikauka, liko usoni tu, polishi ya mkono inaweza kulitoa. Likionekana vilevile chini ya maji, liko ndani ya klia, na ukiona vilengelenge vidogo ukitazama kwa ubavu kwenye mwanga, mashine ya polishi itavipasua tu. Hapo mrudishie gari fundi aliyepaka rangi, alione mchana, kwenye mwanga wa jua. Mwambie siku aliyokukabidhi gari na siku uliyoanza kufunika, na kabla hajawasha mashine muulize alipaka tabaka ngapi za klia na kama alitumia hadina, ile dawa inayochanganywa ili rangi igande, ya aina ya kukausha haraka.